Hatimkato

Mwaka wa kwanza sikumpenda.
Alisema upesi mno, na vidole vyangu havina mbawa.
Arvid Niskanen, mwana wa mchimba chuma,
suti moja ya kijivu, buti zenye theluji
zikidondosha maji kwenye zulia la mahakama ya kaunti,
huku Minesota kaskazini, ambako Januari
kitasa cha mlango huondoka na ngozi ya kiganja.

Mimi Zdenka, karani wa hatimkato.
Kazi yangu: neno likitoka, nilidake.
La anayeapa, la anayedanganya,
la anayekohoa katikati ya jina la mumewe.
Kikohozi hakina alama. Nilikiacha.

Kesi ya mjane Hilja Savela:
kampuni ilileta madaktari watatu kutoka Chikago,
wote wakasema ni sigara.
Niskanen hakubisha. Alitoa kopo la chakula la marehemu,
akalifungua mbele ya wale kumi na wawili,
akapitisha kidole chini ya ukingo wa kifuniko,
akakiinua.
Chekundu.
Kisha akaketi, asiseme kitu.

Nilisubiri. Kalamu ilisubiri.
Sheria yangu hairuhusu kuandika kimya.

Alishindwa ile kesi. Watu wamelisahau hilo,
wanamsifu kama aliyezaliwa na ushindi mfukoni.
Alishindwa, akalipia jiwe la kaburi,
akarudi na mjane mwingine, na mwingine tena,
na wa nne akamshindia.
Siku hiyo aliniletea mkate wa iliki aliouoka mkewe,
akauweka juu ya daftari langu, akaenda zake.

Kisha St. Paul, muhula mmoja katika seneti ya jimbo.
Ukitaka kujua alifanya nini huko
shuka mgodini, ukione kile kidude cha kupima vumbi
kilichopigiliwa ukutani, ukubwa wa kiganja.
Hakina jina lake.
Muhula wa pili aliukosa kwa kura mia mbili na kumi na mbili
kwa kuwa alimtetea Dufresne,
aliyechoma ukumbi wa chama cha wafanyakazi,
ukumbi ambao baba yake Niskanen aliupigilia mbao.
"Wakili si mwavuli wa marafiki,"
alisema dukani, mbele za watu, akinunua misumari.
Hakuna aliyemjibu.
Muuzaji alihesabu misumari polepole.

Kila Jumanne, miaka kumi na tisa, chini ya maktaba,
kati ya tanuri na masanduku ya magazeti ya zamani:
mikataba ya nyumba, barua za kufukuzwa kazi,
mama wa Kiojibwe na faini ya samaki
ambao babu zake walishaahidiwa kwa maandishi.
Malipo: jemu, kuni. Mara nyingine ahadi tu,
nazo alizipokea kwa mikono miwili.

Sitamfanya malaika.
Mwaka wa kumi na nne alimbana muuguzi mmoja, binti mdogo,
swali juu ya swali,
hadi akasahau jina la mtaa wake.
Kesi ikashindwa na upande wa pili. Binti akahama mji.
Alipougua, macho yakimwacha, Niskanen aliniita.
"Soma tena, Zdenka. Ukurasa ule."
Alijua nitaujua.
Nikasoma. Maswali arobaini na moja.
Hakunikatiza, yeye aliyewakatiza majaji.
Nilipomaliza akasema,
"Pale kwenye la saba ningeweza kuacha."

Juzi walikuja watu wa chuo kikuu, wanataka hotuba zake.
Nimewapa zilizochapwa.
Madaftari waliyapinduapindua: mikunjo, vitone, mikia.
Hakuna asomaye mkono wangu, na mimi mwenyewe kwa shida.

Lakini kwenye ukurasa wa Hilja Savela, pembeni,
kuna alama niliyoibuni kinyume cha sheria,
mstari mmoja mnyoofu.
Maana yake: hapa alinyamaza,
na mzee wa kiti cha sita
akakitazama kidole chake mwenyewe.